Mama Tanbihi

Mshereheshaji alisoma wasifu wako kwa sauti ya harusini:
"Marehemu alizaliwa tarehe nne Machi, mwaka arobaini na sita,"
nami, kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la Changanyikeni,
nikaisikia kalamu yako nyekundu ikikwaruza:
Chanzo?

Maana ulitwambia mwenyewe, pale Yombo, siku ya mvua,
umeme umekatika, wanafunzi mia mbili kimya gizani,
kwamba tarehe hiyo aliibuni padri
kwa kukutazama meno.
"Mama alinizaa nzige walipoondoka," ulisema.
"Hilo ndilo mwandike. Padri mwekeni chini ya ukurasa."

Tukakuita Mama Tanbihi.
Ulijua. Ulijifanya hujui.

Profesa Edeltruda Komba,
mengi yamesemwa leo, na yote mazuri,
na mazuri matupu ulikuwa ukiturudishia
yameandikwa pembeni: Nani hakuulizwa?
Basi naandika yaliyoachwa.
Kwamba ulikuwa mkali hata ukakosea.
Kwamba Fumbuka aliacha chuo kwa neno lako moja,
ukamfuata hadi Mbagala kumwomba radhi,
ukamkuta anauza mitumba, ukanunua koti la sufu,
ukalivaa darasani, Februari, jasho likikutiririka.
Kwamba chai yangu na sambusa mbili, mwaka mzima,
alilipa mtu asiyetaka kutajwa,
na mama wa kantini kaitoa siri jana, akilia.
Kwamba uliliogopa neno "inasemekana"
kama wengine waogopavyo nyoka.

Miaka kumi na tisa ulikwenda Nyaraka za Taifa
na chupa ya maji na kikuzalio mfukoni,
ukifunua madaftari ya jeshi yaliyoonjwa na mende,
ukiwatafuta wapagazi wa vita visivyokuwa vyao:
vichwa kadhaa, mizigo kadhaa,
unga ratili kadhaa, waliokufa kadhaa.
"Tazama," uliniita siku moja, kidole kikitetemeka,
"nyumbu ana jina humu. Anaitwa Liese.
Mtu aliyemlisha anaitwa mmoja."

Ukapata majina mia nne na kumi na mawili.
Mengine kwa wajukuu, mengine kwenye vitabu vya ubatizo,
moja kwenye deni la chumvi lisilolipwa.
Kila jina kadi yake, kila kadi kwa mkono wako,
ndani ya kasha la viatu vya Bata.
Ulinikabidhi wodini, Muhimbili.
Lilikuwa jepesi kama mkate.
Nilingoja useme "endeleza."
Ulisema, "Usililowanishe."

Tumekuzika Kinondoni saa tisa.
Msalabani wameandika arobaini na sita.
Sikubisha.
Nilitaka kubisha, Mwalimu, hadi taya zikauma.

Kisha nikashuka Kariakoo kununua nailoni ya kufunika kasha,
Kariakoo hiyohiyo iliyopewa jina la kikosi chao,
likatafunwa kinywa kwa kinywa
mpaka likawa jina la soko tu, nyanya na vitenge.
"Pisha! Mzigo! Pisha!"
Nikapisha. Halafu nikamfuata.
"Samahani kaka, unaitwa nani?"
"Kwani wewe wa manispaa?"
"Hapana. Mwanafunzi."
Akazitazama mvi zangu, akacheka.
"Sijaona Nangumbi. Andika vizuri, wengi hukosea."

Kadi ya mia nne na kumi na tatu.
Najua si wa vita vile. Najua utaniuliza.
Niliiandikia juu ya goti, kwenye ngazi ya duka la ndoo,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo ulizotufundisha:
Chanzo: mwenyewe, saa kumi na moja jioni.
Alikuwa na gunia la vitunguu begani.
Hakulitua.